Ukisikia Mngurumo, Usikimbie

Mkasi alimwapia kaka yake, tena kwa kaburi la mama yao, kwamba filamu inayomhusu haitamharibia kazi. Mtu akishaapa kwa mama hana tena mlango wa kutokea. Ndiyo maana alasiri ile, ukumbi wa kituo cha televisheni ukianza kujaa watu, yeye alikuwa amejibanza kiti cha nyuma kabisa, anatafuna kifuniko cha kalamu ambayo hata si yake.

Mkasi ni jina la kazini la dada huyu. Ni mhariri wa filamu za makala, zile filamu za watu wa kweli na maisha yao. Wengine wanazunguka na kamera, yeye anafungiwa chumbani na skrini mbili na feni mbovu, anakata, anaunga, anakata tena. Kaka yake naye wanamwita Ngurumo, na ukimuona tu utadhani umeelewa kwa nini: ndevu mpaka kifuani, nywele mpaka mgongoni, kizibao cheusi kimeshonwa viraka vya mafuvu na radi. Jumamosi mchana huwa anaimba muziki wa metali, ule wa magitaa makali na ngoma za kasi, na bendi yake. Kuimba ni namna ya kusema tu. Anavuta pumzi toka kisiginoni, anaachama, na kinachotoka humo kinatetemesha vikombe kabatini.

Lakini jamani, mtu mwenyewe mpole mpaka anaudhi! Akikuta mende bafuni anambeba kwa karatasi, anamtoa nje, na njiani anamuomba radhi kwa usumbufu. Viraka vile vya mafuvu kavishona mwenyewe kwa mkono, na mshono wake umenyooka kuliko wa mafundi wengi ninaowajua. Na siku za kazi ni dereva wa basi la shule ya chekechea, basi lenye vipepeo ubavuni. Kazi hiyo anaipenda kuliko jukwaa. Watoto wanamwita Anko Basi, na siku za likizo anazurura nyumbani kama aliyepoteza kitu.

Sasa kosa lake, kama ni kosa, ni hili. Watoto wale walikuwa hawaitikii majina. Unamwita mmoja, wanaitikia wanne, na mwenyewe amelala chini ya kiti. Ngurumo akawafundisha kunguruma. Akikuita, unanguruma kutoka tumboni, kila mtu kwa mngurumo wake, naye akaijua yote. Asiyenguruma hayumo, na kama hayumo, basi haliondoki. Tangu hapo hakuna mtoto aliyesahaulika popote. Ila siku moja mzazi akamwita binti yake aje mezani, binti akaitikia alivyofundishwa, na chai yote ikaishia kwenye shati la babu.

Malalamiko yakafika kwa Mwalimu Mkuu. Huyo ni mwanamke mfupi, miwani yake ina kamba, na akikohoa tu chekechea nzima inakaa. Akaambiwa dereva wako ni mwanametali, tena anatengenezewa filamu. Akamwita Ngurumo ofisini.

"Mimi sihukumu kwa kusikia," alimwambia. "Filamu yenyewe nitakuja kuiona. Nikiona mambo ya ajabu, funguo za basi nitazitaka siku hiyo hiyo."

"Hakuna neno, Mwalimu," Ngurumo akajibu, amepanua kifua. "Filamu anaihariri mdogo wangu."

Masikini! Kuhariri na kuamua ni vitu viwili. Na kumbuka Ngurumo hakuitaka filamu hata kidogo. Ni Mkasi aliyembembeleza wiki nzima, kaka twende, kaka nitakuwepo mimi, kaka naapa.

Anayeamua ni Mwongozaji. Mwongozaji ni bwana mmoja wa koti refu jeusi hata jua likiwaka, na katika kila filamu yake lazima apite yeye mwenyewe mbele ya kamera, taratibu, anatazama mbali. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kila alipoingia chumba cha kuhariri.

"Hofu iko wapi?"

"Hofu gani, bosi?"

"Hawa ni watu wa metali, Mkasi! Mtazamaji anataka kuogopa. Wewe unamuonyesha nini? Mpiga gitaa anambadilisha mwanawe nepi! Nani anaogopa nepi?"

"Baba wote," Mkasi akasema.

Mwongozaji hakucheka. Akataka picha zipakwe wekundu, watu watembee polepole, milango ifunguke yenyewe. Mkasi akagoma. Wakabishana mpaka feni ikazima yenyewe kwa kuchoka. Mwishowe Mwongozaji akainua mikono.

"Haya, picha chukua wewe. Nepi zako, basi lako, vyote acha. Lakini sauti ni yangu. Nikwambie siri ya kazi hii? Mtu haamini anachokiona. Anaamini anachoambiwa kwamba anakiona."

Na sauti aliyoileta, loo! Ngoma nzito za kushtua moyo, na msimulizi mwenye koo la dhahabu akisoma maneno ya Mwongozaji: wanakutana mbali na macho ya watu, wamejifunika, wazazi mko wapi. Hilo la wazazi lilipangwa liangukie pale pale Ngurumo anapofungua mlango wa basi na watoto wanaingia. Mkasi aliposikia mara ya kwanza alikwenda uani akalia, akanawa, akarudi. Angefanya nini? Alimwambia Mwongozaji huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akajibiwa ndiyo maana una huruma, na huruma haina watazamaji. Nyumbani kaka akamuuliza filamu inaendeleaje. Akasema vizuri. Akasema hivyo kila jioni.

Wakati huo huo alikuwa anahariri filamu nyingine ya Mwongozaji, ya chama cha wafuga nyuki. Filamu zote mbili zilikuwa na urefu mmoja, na msimulizi alikuwa yule yule, na zote zingeonyeshwa alasiri moja kwa wahusika na mkubwa wa kituo. Ya nyuki Mwongozaji hakuhangaika nayo. Aliiachia filimbi na maneno laini, kwa sababu, alisema, nyuki hawana mashabiki.

Wahariri nao wana ugonjwa wao, na hauna dawa. Faili la sauti likikamilika wanaliita "sauti ya mwisho". Likibadilishwa kidogo, "sauti ya mwisho kabisa". Baadaye "sauti ya mwisho kabisa hii hapa". Mkasi alikuwa nayo ya metali na alikuwa nayo ya nyuki, na zote ziliitwa hii hapa. Asubuhi ya maonyesho Mwongozaji akawa amemsimamia mgongoni, anapiga vidole, fanya upesi, fanya upesi. Mkasi akaunga sauti kwenye picha. Zikakaa kichwa mpaka mkia, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Desturi ni kusikiliza tena mwanzo hadi mwisho kabla ya kuachia, na Mkasi hajawahi kuiruka. Siku hiyo aliiruka. Hakuwa na moyo wa kuisikia ile sauti ikimsema kaka yake tena, hata mara moja.

Basi, ukumbi ukajaa. Wanametali walikaa safu moja, mavazi meusi tii, wananong'ona kwa adabu kama wako maktaba. Wafuga nyuki wakakaa safu ya nyuma yao na Bibi Mwenyekiti wao, mama mzima wa kilemba cha maua, kambeba mjukuu. Mwalimu Mkuu mbele kabisa, mkoba magotini. Ngurumo aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, nywele kazifunga, akaja kukaa karibu na dada yake.

"Kaka," Mkasi akaanza, "kuna kitu nilitakiwa nikwambie..."

"Shii. Inaanza."

Taa zikazimwa. Kwenye skrini magitaa yakalia, na Ngurumo, mkubwa kama mlango, akaachama akanguruma mpaka viti vikatetemeka. Mkasi akafumba macho akingoja ngoma za Mwongozaji.

Ikaja filimbi.

"Ukisikia mngurumo wao kwa mara ya kwanza," msimulizi akasema kwa lile koo la dhahabu, "utataka kukimbia. Usikimbie. Simama, tulia, watazame. Hawana ugomvi na mtu yeyote."

Mkasi akafumbua jicho moja. Maneno hayo aliyajua. Aliyajua vizuri sana! Mungu wangu, hiyo ni sauti ya nyuki. Akili ikamrudia nusu, akainuka akimbilie chumba cha mitambo, lakini kaka yake alikuwa ameshamshika mkono, na mkono wa Ngurumo ukikushika umeshikwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kaka, kuna kosa, niache nikazime..."

"Uzime?" Ngurumo alikuwa hatazami pembeni. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mdogo wangu, tangu nianze kupiga metali hakuna mtu aliyewahi kutusema hivi. Kaa chini."

Akakaa. Maji yameshamwagika, utayazoa na nini?

"Miili yao ina manyoya mengi," msimulizi akaendelea, "hasa kifuani." Na kwenye skrini mpiga ngoma akavua shati. Mtu mmoja safu ya wafuga nyuki akatoa sauti ya chura kwa kuzuia kicheko. "Kila mmoja ana kazi yake tangu jua linapochomoza." Ngurumo anafuta vioo vya basi. "Wakubwa huwalisha wadogo na kuwasafisha kwa subira kubwa." Nepi! Hapo ukumbi ukapasuka. Mpiga gitaa akasimama pale alipokaa, akamuinua mwanawe juu kama kombe la ushindi, na watu wakapiga makofi.

Mwongozaji alikuwa ameganda ukutani. Alijaribu kupita kwenda mitamboni, ila mkubwa wa kituo alikuwa amenyoosha miguu njiani na anacheka huku akijipiga paja, na mkubwa harukwi.

"Nao hucheza," msimulizi akasema, taratibu, kwa upendo. "Huzunguka duara kwa kasi, wakigusana mabega, na kwa mchezo huo huambiana maua mazuri yako wapi." Kwenye skrini lilikuwa duara la mashabiki mbele ya jukwaa, mijitu inasukumana, nywele zinaruka. Mara kijana mmoja mwembamba akateleza, akaanguka katikati. Hapo filimbi ikanyamaza, msimulizi akanyamaza, zikabaki sauti za ukumbi wa muziki zenyewe. Watu wote wa duara wakasimama. Mikono ikashuka kutoka pande zote, ikamshika kwapani, ikamwinua mzima mzima. Mwanamke mmoja akainua miwani juu ya kichwa chake na kuizungusha, ya nani hii, ya nani hii, mpaka mwenyewe akaipokea na kuivaa. Ndipo wakaendelea kusukumana. Katika ukumbi hakucheka mtu. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinama mbele na mkoba umemdondoka.

Halafu akatokea Mwongozaji mwenyewe, kwenye kile kipande chake cha lazima, koti jeusi, anapita taratibu nyuma ya jukwaa akitazama mbali.

"Na huyu," msimulizi akasema, "ni dume. Hajengi, hakusanyi, halindi. Hupigapiga mabawa na kungoja kulishwa."

Weee! Watu walilia kwa kicheko. Mpiga ngoma aliteleza kwenye kiti akaenda chini, na wanametali, kwa mazoea, wakasimama wote kumuinua. Mkasi alikuwa ameuma shati la kaka yake asipige kelele. Hofu ilikuwepo bado, lakini kicheko kilikuwa kimeipanda mgongoni.

Alidhani ndiyo mwisho. Akasahau kwamba sauti moja ikienda kusiko kwake, nyingine nayo lazima iwe imekwenda mahali.

Ikaanza filamu ya nyuki. Asubuhi tulivu, mizinga, ukungu. Ngoma zikapiga: DUM. DUM.

"Wanakutana mbali na macho ya watu," msimulizi akasema. "Wamejifunika ili nyuso zao zisijulikane." Bibi Mwenyekiti akatokea kwenye moshi, amevaa nguo nyeupe za kazi na wavu usoni, bomba la moshi mkononi, akija moja kwa moja kwenye kamera. DUM. "Hakuna anayejua wanachokifanya humo." Akafunua mzinga. "Wazazi! Mnajua watoto wenu wako wapi?" Mjukuu wake, asali imemtiririka mpaka viwikoni, anajilamba.

"Yuko hapa!" Bibi Mwenyekiti akapaza sauti, akimnyanyua mtoto gizani. "Na bado ananata!"

Hapo ndipo mkubwa wa kituo aliposhindwa kabisa, akaomba maji.

Taa zilipowaka, Mwongozaji alikuwa ameshapanga uso. Mtu huyo ni nyau, ukimtupa vyovyote anatua kwa miguu. Mkubwa wa kituo alimkumbatia, akasema zitarushwa hivi hivi, asiguse mtu hata neno. Mwongozaji akakohoa kidogo, akasema ni mbinu aliyokuwa anaifikiria kwa muda mrefu. Bibi Mwenyekiti naye alikuwa anazunguka ukumbini akiuliza kila mtu, "Nimetisha, sijatisha? Siku zote wanatuona wazee wa kujaza chupa. Leo nimetisha!" Akamshika Ngurumo shati akitaka kujua kizibao cha mafuvu kinapatikana wapi, na kama kuna fuvu la nyuki.

Ngurumo hakuwahi kujibu. Mwalimu Mkuu alikuwa anakuja, na njia inajifungua mbele yake.

"Wewe ndiye mhariri," akamwambia Mkasi.

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Maneno yale yalikuwa ya nyuki."

Mkasi angeweza kusema ni mbinu. Mwongozaji alikuwa pale pale akimkonyeza aseme mbinu. "Ya nyuki, Mwalimu," akasema. "Nimekosea. Maneno yaliyoandikiwa filamu ya kaka ni yale uliyoyasikia kwenye mizinga. Yalikuwa mabaya, Mwalimu, yalimsema kaka yangu vibaya, nami nikayaacha. Kaka, nisamehe. Niliapa kwa mama na nikayaacha."

Ngurumo akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za basi, zile zenye kipepeo cha plastiki, akamnyooshea Mwalimu Mkuu. Zilikuwa zimesuguliwa zinang'aa. Mkasi akaelewa kwamba alikuja nazo tangu nyumbani. Alikuwa amepiga pasi shati lake na amesugua funguo, akijua huenda anakuja kuzirudisha, na hakumwambia dada yake ili asimtie simanzi. Kila jioni wote wawili walikuwa wanadanganyana kwamba mambo ni mazuri. Moyo ukamuuma Mkasi, akashindwa kumtazama usoni.

"Mimi nafundisha chekechea," Mwalimu Mkuu akasema, funguo hajazigusa. "Habari za nyuki nimezisema mpaka naziota. Msimulizi alipofungua mdomo tu nikajua haya si yenu. Kwa hiyo sikumsikiliza. Nikatazama." Akamgeukia Ngurumo. "Yule mwembamba aliyeanguka. Aliumia?"

"Hapana, Mwalimu. Miwani tu ilipinda mguu, nikaunyoosha."

"Nani aliwafundisha kuinua mtu namna ile?"

Ngurumo akakuna ndevu. "Hatufundishwi. Mtu akianguka, wote wanasimama. Ukimkanyaga huwezi kurudi tena duarani, utaona haya mwenyewe."

"Kwenye uwanja wangu mtoto akianguka wenzake wanamrukia juu," Mwalimu Mkuu akasema. "Kila siku. Nimewapigia kengele, nimewaimbia, nimechoka." Akamgeukia Mwongozaji, ambaye hakuwa ameulizwa kitu. "Na wewe mwenye koti. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kisha akakunja vidole vya Ngurumo juu ya zile funguo, kimoja kimoja, kama anavyowafungia watoto penseli mkononi.

"Jumatatu uje mapema. Utanifundishia hilo la kuinuana. Na kunguruma kuishie mlangoni mwa basi, kuna babu ana shati moja tu zuri."

Wanametali wakalipuka, wakamwinua Ngurumo juu, halafu wakamwinua Mkasi, halafu, kwa kuzidiwa na furaha, wakataka kumwinua Mwalimu Mkuu. Akakohoa. Wakaketi.

Jumatatu Mkasi aliomba ruhusa kazini, akaenda kupanda basi la vipepeo, akakaa kiti cha nyuma. Ngurumo akaita majina, na watoto wakanguruma mmoja baada ya mwingine, mwembamba, mnene, mmoja mwenye mafua. Basi halikuondoka, maana Mwalimu Mkuu alikuwa amepanda ghafla kukagua, amekaa mbele na mkoba magotini, naye bado hajanguruma.

"Mwalimu Mkuu?" Ngurumo akaita, kwa heshima zote.

Watoto hawapumui. Mwalimu Mkuu akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua miwani, akavuta pumzi toka kisiginoni, na akaachia mngurumo uliozubaisha hata kunguru wa nje. Watoto walipiga kelele mpaka wengine wakakaukiwa sauti.

Ngurumo alingoja watulie. Akanyanyua macho kwenye kioo, akamwona dada yake kule nyuma, mwekundu wa macho, anacheka.

"Na wewe wa mwisho," akasema. "Mdogo wangu. Umo?"

Mkasi maisha yake yote alikuwa wa kukata sauti za wenzake. Akaachama. Kilichotoka kilikuwa kibaya, kimepasuka katikati, na nusu yake ilikuwa kilio.

"Wote wamo," Ngurumo akasema, na basi likaondoka.